Chini ya Inchi Moja

...na hivi viti navyo, nani aliyechagua viti vya chuma kwa ukumbi wenye baridi namna hii, Joelle anajiuliza, huku akijua fika kwamba shida si kiti, shida ni mzee aliyesimama pale mbele kwenye kipaza sauti, mkono mmoja umeshika kofia, mwingine unakishusha kipaza kidogo kwa sababu mgongo umeinama tangu walipoonana mara ya mwisho, lini hiyo, miaka saba, minane, na taa ndogo ya kijani imeshawaka mezani kwa mwenyekiti, dakika tatu kila mwananchi kutoa maoni kabla tume haijapiga kura, hazizidi... "Naitwa Verl Hakala," mzee anasema, "nimepiga mbizi za urchini, hawa viumbe wa miiba wa mwambani, pwani hii miaka thelathini na minane, masikio yangu yamekufa, kwa hiyo mkinizomea huko nyuma mnajisumbua bure," na ukumbi mzima unacheka, wavuvi na wake zao, yule mwanamke wa duka la chambo, hata mwenyekiti anacheka, ni Joelle tu ambaye hacheki, ameinamia karatasi zake kama mtu anayesoma na hasomi kitu, maana karatasi hizo kaziandika mwenyewe, kila nukta anaijua, na ukurasa wa kumi na nne anaujua kuliko anavyojua namba yake ya simu. Asinione. Hapana, kashaniona, alinitazama alipopita, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayemsalimu jirani, basi, hakusema "Profesa", zamani angesema Profesa kwa sauti ya kupasua dari, na sasa uprofesa wenyewe umekaribia kuwa kweli yeye hasemi. Wiki ya sita kazini hii. Beji kifuani bado inanuka plastiki, Dokta Joelle Arruda, Mshauri wa Sera, Misitu ya Mwani, na mama yake huko Tulare kawapigia simu mashangazi wote kuwaambia binti yake sasa anaitunga sheria ya bahari, mama ambaye maisha yake yote amekamua ng'ombe na bahari kaiona mara mbili, sheria ya bahari, jamani, mbele ya mzee huyu...

"Mnataka kuifunga Ghuba ya Tinker," Verl anasema, "miaka mitano, asiingie mtu, na nawaelewa, ndiyo mahali pekee maili arobaini kwenda juu na chini ambapo mwani bado unafika juu ya maji, mnataka muuache upumzike," na Joelle anajikuta anaitikia kwa kichwa, ndiyo, hasa, upumzike, ndivyo alivyoandika, kila mtu atoke, mashua, nyavu, hata hao wa kujitolea wa Jumamosi wanaoshuka na nyundo kuwaponda urchini wanaoula mwani, na wazo lilikuwa zuri sana kule ofisini Sacramento, makao makuu ya jimbo, ghorofa ya tisa, dirishani hakuna bahari, wazo safi, ghuba isiyoguswa na mkono wa mtu ili tuone maumbile yenyewe yatafanya nini, Philippa alilipenda, Philippa Teng, bosi wake, huyu aliyekaa kushoto kwake na kalamu yake ya fedha, alisema hii ndiyo sera, Joelle, hii ina uti wa mgongo. "Sasa nawaomba mnisikilize," Verl anasema, "Jumamosi iliyopita nilishuka Tinker na wenzangu wanne, hatukuponda kitu, tuligeuza mawe tu"... na hapo Joelle anaacha kuitikia, maana hilo neno analijua linakokwenda, kugeuza mawe, lo, Verl, usiseme, tafadhali usiseme... "mawe mia moja na kumi, na chini ya mawe tisini na mawili tumekuta watoto. Watoto wa urchini, wa zambarau. Wadogo kama dengu." Philippa anamwinamia Joelle sikioni, pumzi yake ya pipi ya mnanaa, "Hadithi za wavuvi, kila kikao lazima apatikane mmoja," ananong'ona, "sisi tuna utafiti, usijali," na Joelle anatikisa kichwa kwamba hajali, na kwa kweli wala hamsikii, yeye hayupo tena ukumbini, yuko kwenye mashua ya Verl, Agosti, mwaka elfu mbili na kumi na tatu, ana miaka ishirini na sita, bado mwanafunzi wa utafiti, na midomo imegeuka samawati kwa baridi, na mbele yake uko mkono wa Verl, kiganja kimekunjuliwa, na juu ya kiganja kuna dengu, dengu hai, zinatikisa vimiiba vyao juani, kumi, kumi na tano, "Angalia, Profesa," anasema, maji yanamtoka puani, "jiwe moja hilo, jiwe moja tu! Na kila ninalogeuza ni hivyohivyo, sijawahi kuona kitu kama hiki tangu nizaliwe, waandike hawa," na yeye, mtoto wa juzi, kibao chake cha plastiki kimefungwa mkononi kwa kamba, penseli inaning'inia, anamjibu kwa upole, upole kabisa, upole ule ndio unaomchoma leo, kwa sababu ulikuwa upole wa mwalimu kwa mwanafunzi mzito wa kuelewa, "Mzee Verl, sisi hatugeuzi mawe, mwongozo unasema tusivuruge makao ya viumbe, tunanyoosha utepe mita thelathini tunahesabu wanaoonekana. Halafu hawa wako chini ya inchi moja. Chini ya inchi moja hawahesabiki." Na Verl alicheka mpaka akakohoa. "Hawahesabiki! Haya. Na wakikua watakuja na barua?" Wakacheka wote wawili. Ndiyo, yeye pia alicheka, hilo ndilo baya, alicheka kwa raha, jua lilikuwa limetoka, na chini yao msitu wote ulikuwa bado upo, mwani umesimama kutoka mwambani hadi juu, majani ya kahawia yamelala juu ya maji kama mkeka, ukipita na mashua lazima uzime injini usije ukakwama, nani angefikiri, nani angeona ile dengu na kuuona mwisho wa vitu vyote hivyo, hakuna, hakuna mtu... isipokuwa Verl, Verl aliuona, akauleta mpaka mkononi.

"Wengi wenu hapa hamjui mtoto wa urchini anafanya nini," Verl anasema, na anasema polepole, kwa heshima, hakuja kugombana, afadhali angekuja kugombana, "hafanyi kitu. Anakaa chini ya jiwe, anasubiri, mwaka, miwili, anakula vimabaki. Halafu siku moja wanatoka wote kwa pamoja, na mwani unaliwa kuanzia shinani, ukikatwa shinani unaelea, umekwisha," na Joelle anataka kumwambia tunajua hayo, yamo ukurasa wa tatu, aya ya pili, nimeyaandika kwa lugha nzuri kuliko hiyo, na papo hapo anaona haya kwa kuwaza hivyo, kwa sababu ukurasa wa tatu ameujuaje, kitabuni? Kwa mzee huyu, kwenye ngazi za jikoni kwake, huku Arlene akiponda abaloni kwa nyundo ya mti, pa, pa, pa, yule konokono mkubwa wa gamba pana lazima umponde la sivyo ni kutafuna raba, Arlene mke wa Verl, mwanamke mfupi wa mikono yenye nguvu, alimlisha majira yote yale ya joto na kumlaza kwenye karavani nyuma ya nyumba wala hakutaka kusikia habari ya kodi, "Utanilipa ukiwa mkubwa, mwanangu," na jioni ileile ya dengu Arlene ndiye aliyesema, akiwaviringisha abaloni kwenye unga wa biskuti, "Si uwaandike tu pembeni, hao watoto wa Verl? Pembeni si pana nafasi?" Na alikuwa ameshaandika! Hilo hakuna anayelijua. Alikuwa ameandika pembeni ya kibao, kwa penseli, mwandiko wa vidole vilivyokufa ganzi, Verl: wadogo wengi mno chini ya mawe, kila jiwe, aliandika ili mzee anyamaze, ili wang'oe nanga waondoke, na baada ya chakula akakaa na kompyuta kuhamisha hesabu kutoka kibaoni, safu ya urchini wekundu, safu ya zambarau, safu ya viti vya pweza, safu ya abaloni, na ile ya pembeni haikuwa na safu. Alitazama. Alisogeza mshale huku na huku akitafuta pa kuiweka, labda sekunde kumi, kumi na tano. Kisha akakipeleka kibao kwenye karo na kukisugua kwa dawa ya meno kama alivyofundishwa, kama wote tulivyofundishwa, kibao kiwe cheupe kwa ajili ya kesho, na Verl akapita nyuma yake kuchukua bia na akasema, "Umewaweka wanangu?" na yeye akajibu, "Wamo."

Wamo. Neno moja tu. Alidanganya ili kumridhisha mtu kabla ya kulala, hakuna aliyeumia, ndivyo mtu anavyojiambia, na vuli ileile viti vya pweza vikaanza kuyeyuka kwa ugonjwa, vile vikubwa vya mikono ishirini ambavyo ndivyo hula urchini, mikono ikidondoka mmoja mmoja na kutambaa peke yake, ukivishika vinageuka kamasi, halafu maji yakapata joto na kukaa na joto, mwaka, miwili, halafu dengu zikatoka chini ya mawe, zote, hakuna aliyekuja na barua, na aliposhuka tena mwaka elfu mbili na kumi na sita alifikiri wamekosea mahali, alipanda juu kumuuliza nahodha, hapa ndipo? Ndipo. Chini kulikuwa na zambarau tupu, miiba kwa miiba, na abaloni wamepanda juu ya vikonyo vilivyobaki, wamejikunyata, miili imesinyaa ndani ya magamba, wanakufa njaa mchana kweupe, na alilia ndani ya miwani ya mbizi mpaka ikajaa, na mwaka uliofuata akakaa akaandika, kwenye tasnifu, ile iliyopata tuzo, ile iliyompa kiti hiki cha chuma, mlipuko huu wa urchini haukutanguliwa na dalili yoyote iliyoonekana. Iliyoonekana! Alilitafuta neno lile siku nzima. Alilijua ni la uongo na ndiyo maana alilitafuta, angesema tu haukutanguliwa na dalili, lakini moyo ulikataa, akaweka iliyoonekana, yaani kwenye utepe, na wataalamu, juu ya jiwe, akajipa amani ya siku mbili tatu, na leo sentensi hiyo imenukuliwa mahali pengi hata yeye mwenyewe akikutana nayo anashtuka kama aliyekutana na mdai wake sokoni. Na Arlene alipougua hakwenda. Alikuwa na mkutano, kweli alikuwa nao, Seattle, lakini baada ya Seattle palikuwa na wiki, miezi, barabara ya kuja huku ni ileile, mwendo wa saa nne tu, na hakuja, na Arlene alipokufa alituma ujumbe wa simu, mistari miwili, pole sana Mzee Verl, Arlene alikuwa mama kwangu, na Verl alijibu neno moja, Asante, na alama ya nukta, na nukta ile ameitazama miaka mitatu sasa akiisoma kama hukumu. Anajua. Lazima anajua, tasnifu ipo, mtu yeyote anaweza kuisoma, watu wa hapa si wajinga, amesoma amenidharau, na leo amekuja kunivua nguo mbele ya watu, na ana haki, mwache anivue, dakika tatu si nyingi... taa inageuka njano.

"Nimebakiwa na dakika moja," Verl anasema, "basi niseme hili. Niliwahi kumwambia mtu mambo haya, zamani, kabla mambo hayajaharibika," na Joelle anazikunja karatasi zake, haya sasa, ndiyo hayo, "mtu mwenye akili kuliko wengi mnaowajua. Simlaumu. Alikuwa na fomu, na fomu haikuwa na nafasi." Mtu anapaza sauti kutoka nyuma, "Nani? Mtaje, Verl!" na mwingine, "Mtaje tu, wote wapo hapo mbele wamejipanga!" vicheko, mwenyekiti anagonga meza, na Verl anageuka na kuwatazama wenzake kwa uso ambao Joelle haujui, uso wa mtu aliyechoka, "Sikuja kutaja mtu," anasema. "Nimekuja kutaja mawe." Na anarudi kwenye kipaza, anafungua karatasi iliyokunjwa mara nne na kuanza kuyasoma kweli, moja baada ya moja, jiwe la kwanza, kumi na wawili, jiwe la pili, wanane, la tatu, hakuna, la nne, ishirini na mmoja... anasoma kama mtu anayesoma majina ya wanafunzi darasani, hata mawe yasiyo na kitu anayasoma, hakuna, hakuna, na Joelle anamkazia macho kwa mara ya kwanza asubuhi nzima, maana kasikia kitu, ebo, kile si kulalamika, ile ni safu, mzee kaandika safu, kapima mpaka vipimo, "wote chini ya inchi moja," anasema, bila kejeli, bila kumtazama, kaitengeneza safu ambayo haikuwepo, akiwa na miaka sitini na tisa na masikio mabovu kashuka kwenye maji ya nyuzi kumi na kugeuza mawe mia moja na kumi, akakaa kwenye ile meza ya jikoni, peke yake siku hizi, akapiga mistari kwa rula. Kwa ajili ya nani? Si kwa ajili ya wale wa nyuma, wao wanajua. Kwa ajili ya mwenyekiti? Mwenyekiti ni mkulima wa mizabibu, hatofautishi urchini na nungunungu. Ni kwa mtu mmoja tu ukumbini humu anayeweza kuisoma safu ile na kujua ni nini, na mzee hakumtaja kwa sababu hiyo, si huruma, si dharau, wala hakuja kumvua nguo, anamhitaji! Anamhitaji akiwa hapohapo kwenye kiti na beji yake. Miaka kumi Joelle amekuwa akimwogopa mtu aliyemkasirikia, na mtu huyo hayupo, aliyepo ni Verl, na Verl hana habari na miaka kumi, ana habari na Tinker. Na ukurasa wa kumi na nne, Mungu wangu, ukurasa wa kumi na nne unasema nini? Hakuna ushahidi wa kizazi kipya cha urchini katika Ghuba ya Tinker. Kaandika nani? Ameandika yeye, wiki ya tatu kazini, hakulowesha hata kidole, alifungua majedwali ya utafiti wa mwaka jana, safu zilezile, inchi moja na kuendelea, zambarau sifuri, sifuri, sifuri, akaandika hakuna ushahidi na kwenda kunywa kahawa. Ile ya kwanza alikuwa mtoto. Hii je? Hii ameifanya na beji kifuani. Wakipiga kura leo, na watapiga, zimeshahesabika, Philippa kahesabu, ghuba itafungwa kuanzia mwezi ujao, hatashuka mtu wa nyundo wala wa kugeuza mawe, miaka mitano, dengu zitakaa kimya na kunenepa na mlinzi getini, na mwaka wa tatu au wa nne mtu mwingine mwenye miaka ishirini na sita atalia ndani ya miwani yake, na yeye, Joelle, atakuwa ameshapandishwa cheo, na ataandika... analijua hata neno atakaloandika.

Na ule msitu wa kwanza haurudi kwa lolote atakalosema. Hilo nalo aliangalie usoni. Hata angewaandika wale dengu, hata angeongeza safu, viti vya pweza vingeyeyuka tu, maji yangepata joto tu, nani angeamka Sacramento kwa ajili ya mstari mmoja wa mwanafunzi, amejiambia hivyo mara elfu na pengine ni kweli, na haikumsaidia hata mara moja, kwa sababu si msitu alioukosea, msitu ulikuwa mkubwa mno kwake, alimkosea mtu aliyekuja na kiganja wazi, akamwambia wamo. "Jiwe la thelathini na sita, tisa," Verl anasoma, na taa inageuka nyekundu, na mwenyekiti anasema, "Ahsante sana Bwana Hakala, muda wako umekwisha," na Verl anatazama karatasi, mawe mengi bado, anauliza, "Niiache hapa?" na mwenyekiti anasema mpe karani, na karani anaipokea na kuiweka juu ya rundo la barua, uso chini, na Verl anabaki amesimama pale, kofia mkononi, kama mtu aliyesahau mlango uko wapi. "Wataalamu wetu," mwenyekiti anasema, "mna la kuongeza kabla hatujapiga kura?" na Philippa ameshasogea mbele, ameshatabasamu, "Hatuna, mheshimiwa, taarifa yetu inajitosheleza," na kidole cha Joelle kiko juu ya kitufe cha kipaza chake, hakijabonyeza, na anajua Philippa atageuka amtazame vipi, anajua wiki ya saba huenda isiwepo, mama atawapigia mashangazi simu nyingine, tasnifu itafunguliwa, na neno iliyoonekana litaulizwa lilionekana na nani, na atajibu, na Arlene hatakuwepo kusikia, na Verl huenda asimshukuru na hana sababu ya kumshukuru, na anatafuta pa kuanzia, miaka kumi ya maneno na hakuna linalofaa, yote yana kitu cha kujificha nyuma yake, mpaka anapata moja dogo lisilo na pa kujifichia, mheshimiwa, hatukugeuza mawe.